Miavuli ya Uani

Mkasi wa shangazi yangu Zuhura ni mzito kuliko mkasi wowote niliowahi kuushika, na ukiufungua hutoa mlio wa mtu anayesaga meno. Ni mkasi wa duka la leso, ule wa kukatia gora za kitambaa, wenye mikono ya chuma kitupu. Pale linapoingia dole gumba pamelika kwa jinsi alivyoutumia. Shangazi alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na siku ya kugawanya vyake kila mtu alitaja alichokitaka: huyu kitanda, yule hereni, mwingine sanduku la njumu za shaba. Mimi niliomba mkasi. Walinitazama wakadhani msiba umenizidi.

Juzi asubuhi niliutoa kabatini nikaenda kukaa juu ya kigoda, uani, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, mbele ya kichaka cha miavuli. Ni mmea wa jamii ya ndago na mafunjo, wenye mabua marefu yasiyo na jani hata moja mpaka kileleni, na pale kileleni majani yote hutawanyika pamoja, mviringo, ukadhani mtu amefungua mwavuli. Jina lake la vitabuni silijui wala sina haja nalo. Sisi twauita miavuli. Nilikata bua moja tu. Harufu ikaja: maji ya mtaroni, muhogo mbichi uliomenywa, na ubichi mwingine ambao sina jina lake. Mkono ukasita. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wanaonyoa ndevu, nikajikuta nimeshika tumbo kwenye kitovu.

Zamani hizo nilikuwa na umri wa mtoto aliyekwisha kuzoea chuo cha Kurani lakini hajaanza kuaminiwa na sinia la vikombe. Nyumba ilikuwa ya baba yangu na dada yake, ndiye huyo Shangazi Zuhura, ambaye aliolewa akaachika akarudi, na hakutaka kusikia habari ya mume tena. Aliuza leso katika duka moja pale Biashara Street. Alikuwa na ulimi mkali na mikono isiyotulia. Akitoka dukani jioni hakai. Atafua kilichokwisha fuliwa, atapepeta mchele ambao haujaombwa na mtu. Mama yangu alikuwa mpole, mtu wa Likoni, na watu walishangaa vipi wifi wawili hawa hawajakosana. Nafikiri hawakukosana kwa sababu mama alimwachia shangazi kazi zote alizotaka kuzifanya, na shangazi alizitaka zote.

Ua wetu ulikuwa mdogo, umezungukwa na kuta ndefu zilizobambuka chokaa. Palikuwa na birika la maji, kamba ya kuanikia nguo, na kwenye kona, pale maji ya udhu yalipoteremkia, miavuli. Ilipenda maji yale. Ilikuwa mirefu kunishinda mimi, na saa za mchana nilipenda kuketi chini yake na kuangalia jua likipenya katikati ya vidole vyake. Nyumba zingine zilikuwa na miasmini na vilua, maua ya kusuka vikuba vya kujipamba. Sisi tulikuwa na nyasi za mtaro, na shangazi alizionea fahari kana kwamba kaletewa kutoka ng'ambo.

Ndugu yangu Hamadi alizaliwa Likoni, kwa kina mama, kama ilivyo desturi kwamba mwanamke aende akajifungulie kwa mamake. Walikaa huko arubaini nzima. Walivuka feri wakarudi kwetu siku moja ya jua kali, mama amenenepa, na mikononi ana kitu chekundu kinacholia. Mimi nilikwisha jiandaa kumpenda, lakini nakiri kilio kile kilinichosha siku ile ile. Kilikuwa kilio cha kukwaruza, cha mtu mwenye madai.

Siku chache baadaye nilimwona shangazi akichimba kwenye kona ya miavuli. Alikuwa na kitu kimefungwa gazetini, kidogo, kimelowa. Alikitia shimoni, akakifukia, akapiga udongo kwa kiganja cha mkono, kisha akanawa na kuondoka. Nilikimbia kwa jirani yangu Rukia kumpa habari.

Rukia alikuwa amenizidi mwaka mmoja, na mwaka ule alikuwa ameutumia wote kujua mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akila ubuyu.

"Hicho ni kitovu," alisema. "Kitovu cha mtoto kikianguka huzikwa. Kikizikwa chini ya mti, mti ule ndio yeye. Ukimea naye huwa mkubwa. Ukikauka, basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo basi."

Akanihadithia habari za mtoto mmoja, jamaa ya jamaa zake huko Kisauni, ambaye mnazi wake ulikatwa na watu wa barabara, na mtoto akaanza kukonda siku hiyo hiyo. Nikamuuliza alikufa? Rukia akatema kokwa ya ubuyu. Alisema mambo kama hayo hayasemwi kwa mdomo, kwa sababu maneno huumba. Ukiogopa jambo ukalitamka, umelialika. Mimi nililiamini lile kwa moyo wangu wote, kwani hata mama alikuwa akiambiwa "usitamke" kila alipotaja ugonjwa.

Kuanzia hapo nikawa naitazama miavuli kwa jicho lingine. Nilipopita nilikuwa nikiwaza, huyu ni Hamadi. Lilipochipuka bua jipya nilifurahi, nikaenda kumwangalia mwenyewe kitandani kama naye ameota kitu. Siku moja alikuwa ameota jino. Mwahitaji ushahidi gani zaidi?

Halafu mwisho wa kaskazi, joto limekaa juu ya mji na watu wote wanaisubiri masika, Hamadi akaanza kukohoa. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha kawaida, akapakwa mafuta kifuani, akafukizwa. Kisha nikaona mbavu zake zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na kile kilio chake cha madai hakikusikika tena. Alikuwa akifungua mdomo na hakitoki kitu. Asubuhi moja baba alirudi na teksi hadi mwanzo wa kichochoro, mama akamfunika Hamadi kwa leso, wakaenda hospitali. Shangazi alisimama mlangoni akawaangalia mpaka walipokata kona. Kisha akaniambia, "Vaa buibui lako uende chuoni," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilikwenda. Sijui nilisoma nini. Niliporudi mchana nilipita moja kwa moja uani kunywa maji, na kona ilikuwa tupu.

Hapakuwa na miavuli. Palikuwa na vishina vifupi, vimekatwa vyote sawasawa, vina pembetatu juu na vinatoa maji. Mabua yalikuwa yamelundikwa kando ya birika, vichwa huku na miguu kule. Shangazi alikuwa amechutama katikati, leso amejifunga kibwebwe, mkasi wa dukani mkononi, jasho linamtoka. Harufu ilikuwa imejaa ua wote. Nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni.

"Kelele za nini?" shangazi alisema. "Umeona nyoka?"

"Umeikata!"

"Nimeikata, naam. Ilikuwa imekauka kila upande, yafuga mbu na panya. Mvua zaja. Itamea tena. Waliani, mwanangu?"

Sikuweza kumwambia. Neno lilikuwa kooni, lakini nilikuwa na Rukia kichwani akitema kokwa. Ikiwa nitasema "Hamadi atakufa" basi mimi ndiye nitakayekuwa nimeyaalika mauti nyumbani kwetu. Nilimchukia shangazi yangu siku ile kwa chuki ambayo sijapata kumchukia mtu tena. Nilimwona muuaji ameshika mkasi, ananiuliza kama nataka chai.

Baba alirudi jioni peke yake, kwa kuwa mama alibaki wodini na mtoto. Alikaa barazani hata viatu hakuvua.

"Vipi?" shangazi akamuuliza.

"Yuko mikononi mwa Mungu."

"Wanasemaje?"

"Nimonia. Wasema tungoje."

Shangazi aliweka chakula mbele yake naye hakukigusa, na shangazi hakumlazimisha, yeye ambaye alimlazimisha kula hata mtu wa kusoma mita ya maji. Mimi niliona yote yale na nikayajumlisha pamoja. Mmea umekatwa, mtoto amezidiwa. Rukia alisema kweli.

Siku ya pili, shangazi alipokwenda dukani na kuniacha na jirani, nilijipenyeza uani. Nilikuwa nimefikiri. Kama kukatwa ndiko kulikomuumiza, basi dawa ni kuunga. Nilichukua mabua kwenye lile lundo, nikayasimamisha juu ya vishina, nikayafunga kwa nyuzi nilizochomoa kwenye pindo la leso kuukuu. Matatu hivi yalisimama. Yalisimama kwa muda wa mimi kurudi nyuma kuyatazama, yakaanguka. Nikafunga tena, yakaanguka tena. Nililia kwa hasira, nikayapiga teke, halafu nikaogopa kwamba nimempiga Hamadi teke, nikayaomba radhi.

Ndipo nikafikiria maji. Wagonjwa hupewa maji. Nyuma ya birika kulikuwa na karai kubwa la bati lililotoboka ukingoni, halitumiki. Nikalijaza kwa kopo, safari baada ya safari. Mabua marefu hayakutosha mle, yalipinduka kila nikiyasimamisha. Basi nikavunja vile vichwa pamoja na kipande kifupi cha bua, nikavitumbukiza kichwa chini miguu juu, majani yametawanyika majini, na hivyo vikatulia. Sikuwa na maarifa yoyote. Nilitaka visianguke tu. Nikavisomea Kulhuwallah, sura niliyokuwa na uhakika nayo, nikavipulizia kama mwalimu wetu wa chuoni alivyokuwa akiwapulizia wagonjwa, kisha nikafunika karai lote kwa ile leso kuukuu. Mgonjwa hafai kupigwa jua.

Hiyo ikawa kazi yangu. Kila siku nikitoka chuoni nanyata nyuma ya birika, nafunua pembe ya leso, nasoma, napulizia, naongeza maji. Vishina vya kona navyo nilivimwagia, lakini juu vilizidi kuwa vya kahawia na sikupenda kuvitazama. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hivyo habari za Hamadi nilizipata kwa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Leo amenyonya kidogo. Leo hakunyonya. Leo wamemrudishia mpira wa hewa. Juma lile likaisha, likaja jingine, na neno lilikuwa lile lile, "tungoje". Shangazi alikwenda hospitali kila alipofunga duka, akarudi, akafua. Alifua mapazia. Alifua mpaka vitambaa vya kusafishia taa. Sikumsemesha ila kwa lazima, naye hakuniuliza kwa nini. Nilipompa mkono wa salamu nilimpa ncha za vidole.

Masika ikaanza mchana wa siku moja, bila kupiga hodi. Shangazi alikuwa nyumbani. Alitoka mbio uani kuanua nguo, halafu, kwa kuwa yeye hakuweza kuona maji ya mvua yakipotea bure, akaanza kutafuta vyombo vya kukingia. Ndoo akaweka. Sufuria akaweka. Nikamwona anaelekea nyuma ya birika.

"Shangazi, usiende huko!"

Alikwenda. Akaivuta ile leso, akasimama.

"Saumu," aliita. "Njoo hapa."

Nilikwenda, mvua inanipiga. Nilijua sasa atamwaga karai na mambo yatakwisha. Lakini alikuwa ameinama, ameshika kichwa kimoja cha mwavuli, amekitoa majini anakigeuzageuza mbele ya uso wake. Katikati ya majani yaliyoanza kuoza palikuwa pameota vizizi vyeupe, vyembamba kama nyuzi za sindano, na juu yake vijichipukizi vya kijani, vikali, vimesimama wima.

"Ni nani aliyefanya haya?"

"Ni mimi."

"Wataka nini na taka hizi?"

Nikasema. Nilikuwa nimechoka. Mtoto naye ana kiwango chake cha kubeba, na changu kilikuwa kimefika pale. Nilisema yote kwa pamoja, sijui aliyasikiaje katika mvua ile, kwamba nataka asife, kwamba yeye amemkata, kwamba mimi ninamlea mle ndani ya karai nyuma ya birika na nisingesema kwa sababu ya maneno kuumba.

"Asife nani?"

"Hamadi! Kitovu chake kiko pale konani nawe umekikata!"

Shangazi hakucheka. Alinishika mkono akanivuta mpaka chini ya paa la jiko, akanipangusa uso kwa leso yake, akakaa juu ya kigoda ili macho yetu, mato kama alivyokuwa akiyaita yeye, yawe sawa.

"Nani alikwambia kitovu cha Hamadi kiko hapa?"

"Nalikuona ukikizika. Kilikuwa ndani ya gazeti."

"Gazeti?" Alifikiri. Nikauona uso wake ukitafuta, ukipata, kisha ukianza kutetema kwenye pembe za mdomo. "Gazeti! Ee Mola wangu! Yale ni matumbo ya tafi, mwanangu! Naliyatia mbolea! Wewe siku zote hizi wasomea matumbo ya samaki?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka, akajishika mbavu, na katikati ya kicheko nikaona ni kilio, vimechanganyika vyote viwili wala hakujaribu kuvitenga. Nilisimama nikiwa nimelowa, nusu nimetukanwa, nusu nimefunguliwa kamba.

"Kitovu cha nduguyo kiko Likoni," alisema alipopata pumzi. "Kilimwanguka kule kule arubaini haijesha, bibi yako akakizika chini ya mnazi. Mnazi uko pale, mzima. Hapa kwetu hakikufika."

"Basi pale konani hapana kitu?"

Akaikamua leso yake.

"Pana chako."

Sikuelewa. Akanigusa tumboni kwa kidole, juu ya gauni lililolowa.

"Mamako alikuwa avuke Likoni akakuzae kule. Wewe hukumpa nafasi. Ulikuja mchana mchana chumbani humu, hata feri hajaiona. Kitovu kilipoanguka mamako aliniuliza, wifi, tukizike wapi, mnazi hatuna. Nikamwambia tukizike palipo na maji. Nimekizika mimi kwa mikono yangu. Na kila mwaka, kabla ya masika, nachukua mkasi nakata miavuli ile mpaka chini. Nisipoikata hukauka katikati, hujisonga yenyewe. Nimekukata kila mwaka tangu uzaliwe, Saumu." Akanishika mabega. "Je, ungali hai?"

Nilijitazama. Nilitazama mikono yangu na miguu yangu, matope katikati ya vidole. Nilivuta pumzi kuhakikisha.

"Ningali hai," nikasema.

"Haya basi."

Sijapata kueleza vizuri nafuu niliyoipata pale. Ilikuwa ni kama kuvuliwa gauni linalobana. Nilimwangukia shangazi shingoni nikalia kilio kingine, kizuri, na ile chuki yote ikaondoka ikaniacha mwepesi hata nikaona njaa. Lakini mtoto hufikiri hata akilia. Nikajitenga naye nikamuuliza, sasa Hamadi je? Kama mti wake ni mzima, atapona?

Angeweza kunidanganya. Watu wazima wengi wangenidanganya.

"Hilo silijui," alisema. "Mnazi ni mnazi na mtoto ni mtoto. Hamadi tumemwombea, na dawa anapewa. Nami naogopa kama wewe. Siku ile waliyomchukua nalikuwa siwezi kukaa, nikasema nikikaa nitapata wazimu, nikatwaa mkasi."

Ikawa nimeondolewa hofu moja nikapewa nyingine, na ya pili ilikuwa mbaya kwa namna yake, kwa sababu haikuwa na kazi. Mpaka dakika ile nilikuwa na karai la kulinda. Sasa sikuwa na cha kumwagilia wala cha kupulizia. Nikaelewa, kwa akili ile ile ya kitoto, kwa nini shangazi alifua mapazia.

Mvua ilipopungua alisimama, akajifunga kibwebwe. "Hivi tutavitupa?" akasema, anaonyesha lile karai. "Vimekwisha ota mizizi. Tuvipande." Tukatafuta madebe matupu ya mafuta na makopo ya maziwa, tukatia udongo wa kona, na kichwa kimoja kimoja tukakipanda, yeye anatoboa shimo kwa kidole na mimi nashindilia. Ndipo niliposogea karibu na vile vishina vya kahawia nilivyokuwa nikivikwepa. Katikati yake, chini kabisa, palikuwa pamejaa ncha za kijani. Zilikuwa pale siku nyingi. Sikuinama tu kuziangalia. Shangazi akanipa mkasi, akaweka mkono wake juu ya wangu kwani nilikuwa siuwezi, tukavikata vile vilivyokauka mpaka karibu na udongo. Nilijikata mwenyewe wala sikusikia chochote.

Hatukumalizia madebe siku ile, wala ya pili yake. Tulikuwa bado tunayapanga ukutani, alasiri moja, manyunyu yanaanguka, niliposikia kilio kichochoroni. Kilikuwa cha kukwaruza. Kilikuwa cha mtu mwenye madai. Kilikuja kinapanda, kinagonga ukuta huu na ule, na mimi, ambaye kilio kile kilinichosha siku ya kwanza, nilikitambua kabla mtu yeyote hajafungua mlango.

Shangazi aliangusha kopo. Alipiga vigelegele akiwa bado amechutama, mikono ina matope mpaka viwikoni, na alipotokea mama mlangoni, amekonda, amelowa, anacheka, na baba nyuma yake amebeba beseni na mfuko wa nguo, shangazi alimpokonya mtoto vile vile na matope yake. Hamadi alikuwa mwepesi, mashavu yameisha, macho makubwa. Alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akapumzika kidogo, akaanza upya kulia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Lia, baba," shangazi alimwambia, "lia utakavyo." Baba alivua viatu. Jioni ile alikula sahani mbili.

Yale madebe yaligawanywa. Miavuli ya nusu ya mtaa wetu ni wajukuu wa karai lile, hata kwa kina Rukia ipo, ingawa Rukia hajawahi kukubali kwamba alisema lolote. Na kila mwaka, kabla ya masika, shangazi alirudi kutoka dukani na mkasi, akaikata yetu mpaka chini, akaniita popote nilipo. Nilipokuwa mwari aliniita. Nilipoolewa nikahamia Tudor aliniita kwa simu. "Nimemaliza," husema. "Je, ungali hai?" Nami hujibu ningali hai, Shangazi, naye husema haya basi, na kukata simu. Hamadi alikuwa akiona wivu. Alikuwa akilalamika kwamba mnazi wake hauna mtu wa kumuulizia.

Sasa juzi nilikuwa pale, bua moja limekatwa, mengine yamesimama, nami mkono umesita. Sikuogopa kufa. Mimi si mtoto. Ila nilikuwa sijawahi kuikata mwenyewe, na niliwaza kwamba nitakata mpaka bua la mwisho, nitaweka mkasi chini, na ua utakuwa kimya. Sikutaka kuusikia ule ukimya. Nikasema moyoni, mwaka huu niiache. Lakini nilipoyapanua mabua niliona katikati yamekwisha anza kukauka, yamejisonga, kama alivyosema. Nikaanza kukata. Nilikata vibaya, mapanda mapanda, dole gumba langu halijazoea pale pa kwake. Nililia kidogo, nikaendelea.

Nilikuwa karibu kumaliza simu ilipolia. Hamadi. Yeye ni mtu mzima sasa, fundi wa stima, ana kitambi, anaishi Likoni karibu na mnazi wake, na anapopiga simu huwa yuko Feri daima, nyuma yake watu wanauza karanga na maji.

"Dada, sabalkheri," akasema kwa kile kisauti chake cha kukwaruza ambacho hakikumtoka hata baada ya kubaleghe. "Naona mawingu huku. Nikasema leo lazima atakuwa ameshika mkasi."

"Nimeshika."

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Nikasikia honi ya feri, na mtu akinadi korosho.

"Haya," akasema, na akakohoa kusafisha koo. "Je, ungali hai?"